Mwalimu aliyelemewa haponi kwa semina ya motisha

"Mshauri, njoo uwape walimu wangu motisha, morali imeshuka mno." Kila muhula ukikaribia kuisha napokea simu za namna hii kutoka kwa walimu wakuu na wakuu wa shule, tena watu wenye nia njema kabisa. Mimi ni mshauri nasaha na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na walimu. Ombi hili nimelisikia mpaka limenichosha, kwa sababu nyuma yake kuna dhana inayoumiza watu.

"Mwalimu aliyekata tamaa amepungukiwa hamasa. Akisikia maneno mazuri atainuka."

Si kweli. Mara nyingi amepungukiwa muda, usingizi na msaada. Chukua darasa la nne lenye watoto 120, hali iliyozoeleka katika shule nyingi za mijini hapa Tanzania tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 na watoto wakamiminika kuandikishwa. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Mwalimu huyu akitumia dakika 2 tu kwa kila daftari, zoezi moja la Hisabati linamla saa 4. Akiwa na somo la pili, ni saa 8. Hapo hajaandika andalio la somo, hajajaza PEPMIS (mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma), hajashika zamu. Kwa hiyo anayabeba madaftari kwenye kiroba mpaka nyumbani, anasahihisha watoto wake wakiwa wamelala, na ukiyafungua kesho yake unaona kabisa pale tiki zilipoanza kupinda kwa usingizi. Asubuhi, kabla ya saa moja, anatakiwa awe amesaini kitabu cha mahudhurio. Mtu huyu umwambie afikiri chanya?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu uliokithiri wa kazi katika toleo jipya la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa. Lilieleza wazi kwamba hali hiyo yenyewe si ugonjwa, bali ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Ina sura tatu: mtu anaishiwa nguvu, anajitenga na kazi yake au kuichukia, na anaona hakuna tena anachokifanikisha. Chanzo kiko kazini, na huko ndiko pa kuanzia.

Sura ya pili ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Madamu aliyewajua watoto kwa majina sasa anaita "wewe wa kule nyuma", na fimbo inatangulia maneno. Ofisini wanasema amekuwa mkorofi, anaandikiwa barua ya kujieleza. Mtoto lazima alindwe, hilo halina mjadala, na taratibu za viboko zipo na zifuatwe. Lakini barua peke yake, bila mtu wa kumuuliza kilichomfikisha pale, inamsukuma mwalimu huyo mbali zaidi.

Kabla hujaniita mimi au msemaji yeyote, chukua ratiba ya vipindi, kaa na kila mwalimu peke yake, muulize swali moja: "Ni kitu gani nikikuondolea wiki hii utapumua?" Kisha kiondoe kweli. Majibu huwa madogo kuliko wakuu wanavyoogopa. Zamu iliyoangukia wiki ya kusahihisha mitihani. Kikao cha saa tisa alasiri ambacho kingetosha kuwa tangazo ubaoni. Taarifa ile ile inayotakiwa mara mbili, moja ya kata na nyingine ya halmashauri, kwa fomu tofauti. Kuhusu madaftari, kubalianeni kama shule kwamba baadhi ya mazoezi watoto wabadilishane na kusahihisha darasani, mwalimu apitie safu moja kila siku. Na kwa kuwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeshaweka jumuiya za ujifunzaji shuleni, tumieni vikao hivyo kusaidiana juu ya darasa linalomshinda mtu. Visigeuzwe mahali pa kusomeana maagizo.

Maneno nayo yana kazi yake, ila yawe mahususi. "Mnafanya kazi nzuri" inapita kama salamu. "Nimeona yule mtoto wa dawati la mwisho sasa anaandika jina lake mwenyewe, hongera mwalimu" inakaa moyoni mwezi mzima.

Zipo dhana nyingine ninazozisikia mara kwa mara.

"Ualimu ni wito, mwenye wito halalamiki." Hata mwenye wito anachoka. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO ya mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, ambayo ndiyo chimbuko la Siku ya Walimu kila tarehe 5 Oktoba, yanaitaja kazi hii kuwa taaluma, na yanazungumzia mishahara, saa za kazi na ukubwa wa madarasa. Mwalimu anayeyataja hayo hajakosa wito.

"Shida yao ni pesa, mimi mkuu sina la kufanya." Nusu yake ni kweli. Malimbikizo yasiyolipwa, kuchelewa kupanda daraja na mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, vinawanyima walimu usingizi, na mkuu hana uwezo wa kuongeza mshahara. Anao uwezo wa kuhakikisha barua ya mwalimu haikai mezani kwake wiki tatu, na wa kumpa ruhusa ya kufuatilia haki yake halmashauri bila kumhoji kama mtuhumiwa.

"Wa kushikwa mkono ni walimu wapya." Nao pia, hasa aliyepangiwa kijiji asikomjua mtu. Ila anayenitia hofu zaidi ni mzoefu aliyekuwa akibishana kila kikao, na sasa ananyamaza. Wenzake husema ametulia. Mfuateni.

"Ameshazika, amerudi kazini, basi amepoa." Amerudi kwa sababu ruhusa imeisha. Rambirambi za ofisi ni jambo jema, lakini wiki ya kwanza mpunguzieni vipindi na mwenzake amshikie zamu.

"Akipumzika likizo atakaa sawa tu." Wengine ndiyo. Lakini mwalimu ambaye kwa wiki mbili au zaidi hapati usingizi, hali chakula, analia bila sababu anayoweza kuitaja, au hafurahii tena chochote, apelekwe hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa akaonwe na wataalamu wa afya ya akili. Akisema afadhali afe, apelekwe siku hiyo hiyo, asiende peke yake, na habari zake zisifike kwenye kundi la WhatsApp la walimu.