Kuacha hadhi ya kifalme nchini Japani: maana yake na wanaoguswa nayo

Kuacha hadhi ya kifalme ni hatua ya kisheria ambayo kwayo mtu wa ukoo wa Mfalme Mkuu wa Japani huondoka katika ukoo huo na kuwa raia wa kawaida. Sheria ya Ukoo wa Kifalme ya mwaka 1947 inataja njia kadhaa za kufikia hapo, lakini iliyozoeleka zaidi ni ile ya kifungu cha 12: binti akiolewa na mwanamume asiye wa ukoo huo, hadhi yake inakoma. Kaka yake akioa mwanamke wa nje hapotezi chochote, na mkewe ndiye anayeingizwa katika ukoo.

Watu wa ukoo huu hawana jina la familia. Hawamo katika koseki, yaani daftari la familia ambamo kila raia wa Japani huandikishwa. Wao wana kumbukumbu zao za pekee, na kwa sababu hiyo hawapigi kura wala kugombea uongozi. Binti anapoolewa, mambo hayo yote hugeuka kwa siku moja: anaandikishwa pamoja na mumewe, anapata jina la familia kwa mara ya kwanza maishani, anakuwa mpiga kura. Serikali humlipa fedha kwa mkupuo mmoja ili aweze kuyaanza maisha hayo mapya kwa heshima.

Sayako, binti pekee wa Akihito, Mfalme Mkuu hadi mwaka 2019, na mkewe Michiko, ni mfano mzuri. Alikuwa mtafiti wa ndege katika Taasisi ya Yamashina, na aliwachunguza hasa midiria, wale ndege wanaojitosa majini kukamata samaki. Tarehe 15 Novemba 2005 aliolewa na Yoshiki Kuroda, mtumishi wa Serikali ya Jiji la Tokyo katika idara ya mipango miji, akapokea yeni milioni 152.5, na kabla ya harusi hiyo alikuwa amejifunza kuendesha gari na kujizoeza kununua mahitaji dukani. Hata hivyo uhusiano wake na ukoo haukukatika, kwani mwaka 2017 alishika wadhifa wa kuhani mkuu wa hekalu la Ise, ambako hutambikiwa Amaterasu, mungu wa jua anayehesabiwa kuwa chimbuko la ukoo huo.

Mako, mjukuu wa Akihito, aliondoka kwa namna nyingine kabisa. Uchumba wake na Kei Komuro ulizua maneno kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mgogoro wa fedha uliomhusu mama wa mchumba, na Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba Mako alikuwa ameathirika kiakili kutokana na mashambulizi ya maneno hayo. Walioana tarehe 26 ya mwezi huo bila sherehe za jadi, naye akayakataa malipo ya serikali. Asubuhi hiyo, nje ya makazi yao, aliwainamia wazazi wake kuwaaga, kisha mdogo wake Kako akamkumbatia mbele ya kamera. Mwezi uliofuata wanandoa hao walihamia New York. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ukali wa kifungu hiki unapoonekana: msichana hulelewa tangu utotoni kwa ajili ya wajibu wa hadharani, huku sheria ikijua kwamba ndoa itamtoa nje.

Wanawake wanaoingia katika ukoo kwa ndoa nao wana mzigo wao. Michiko, binti wa mwenye kampuni ya kusaga unga, alikuwa raia wa kawaida wa kwanza kuolewa na mrithi wa kiti, mwaka 1959. Masako, aliyesoma Harvard na kufanya kazi Wizara ya Mambo ya Nje, aliolewa na Naruhito, mwana wa Akihito na Mfalme Mkuu wa sasa, mwaka 1993, akakabiliwa na shinikizo la kuzaa mtoto wa kiume. Mtoto wao pekee ni Aiko, aliyezaliwa mwaka 2001, na kwa kuwa ni msichana hawezi kurithi kiti.

Wapo wanaodhani kwamba utaratibu wote huu umetoka kale. Sivyo. Wanawake wanane waliwahi kutawala Japani, wa mwisho akiwa Go-Sakuramachi katika karne ya 18, na ni mwaka 1889 tu ambapo sheria iliwafungia mlango. Oktoba 1947, chini ya utawala wa majeshi ya Marekani na washirika wake, matawi 11 yenye watu 51 yaliondolewa katika ukoo, na tangu hapo kila harusi ya binti imezidi kuupunguza. Alipofariki Yuriko, mke wa marehemu Mwanamfalme Mikasa, Novemba 2024, walibaki watu 16, wanaume wakiwa watano tu, na katika kizazi cha Aiko mrithi ni mmoja: Hisahito, mdogo wake Mako, aliyezaliwa mwaka 2006.

Desemba 2021 jopo la wataalamu lilipendekeza, miongoni mwa mengine, wanawake wabaki na hadhi yao hata baada ya kuolewa. Ugumu uko kwa mume na watoto. Wakiachwa kuwa raia wa kawaida, nyumba moja itakuwa na mama asiye na jina la familia wala kura, na baba mwenye vyote viwili. Wakiingizwa katika ukoo, wahafidhina wanahofia kwamba siku moja kiti kitadaiwa na mtoto aliyeunganishwa na ukoo kupitia mama yake.