Mwili unavyozoea anga: kutoka Tunguu 1962 mpaka watu wanaokaa juu mwaka mzima

Ukipita Tunguu, hapa Unguja, leo utaona chuo, utaona maofisi, utaona daladala za Makunduchi zinakimbia, na sidhani kama kuna kijana humo ndani ya daladala anajua kwamba maeneo hayo hayo mwanzoni mwa miaka ya 60 kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kuzungumza na mtu aliyeko angani. Kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo vya Mercury, mradi wa kwanza wa Wamarekani wa kupeleka watu angani, vilivyotandazwa dunia nzima, manake chombo kikizunguka dunia kinapotea upande wa pili, kwa hiyo kila baada ya masafa lazima awepo mtu wa kukipokea. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alivuka Afrika akaongea na Kano kule Nigeria, halafu akaongea na Zanzibar, na watu wa huku walichotaka kujua khasa ni hali yake ya mwili. Kituo chenyewe kikaondoshwa 1964 baada ya Mapinduzi.

Ndani ya chombo chake Glenn alikuwa na kamba ya mpira, akaivuta sekunde 30, mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 mpaka 124 na yakashuka vizuri tu. Na mbele yake kulikuwa na kikaratasi cha herufi kama kile wanachokupimia macho hospitali, kwa sababu madaktari wa wakati ule walikuwa na khofu kwamba bila ya uzito jicho litaharibika umbo lake na mtu hatoona sawasawa. Akasoma herufi zote, hakuona taabu yoyote, na safari nzima haikufika masaa matano, basi khofu ya macho ikawekwa kando. Nitairudia hiyo khofu huko mbele, manake wale madaktari hawakukosea, waliwahi tu.

Mie kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kutibu viungo na misuli kwa mazoezi, na katika kitengo chetu cha elimu kwa umma tunakwenda maskulini Unguja na Pemba kuzungumza habari za mwili. Kila nikigusia wanaanga darasa linaamka, kwa hiyo nimeona niyaandike haya kwa urefu kidogo.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana kila skuli tunajibiwa hivyo hivyo, ati kule juu hakuna mvutano wa dunia ndo mana watu wanaelea. Upo. Kituo cha anga cha kimataifa kiko juu kama kilomita 400, karibu sawa na kutoka hapa Unguja mpaka Dodoma kwa mstari ulionyooka, na kimo hicho mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulionao hapa chini. Sasa wanaelea kwa nini? Wanaanguka. Waangalie wale vijana wanaochupa Forodhani jioni, tangu miguu inapoacha ukuta mpaka maji yanapowapokea, kile kijimuda kidogo hakuna kitu kinachowabeba kutoka chini, uzito hawausikii kabisa, na lile tumbo kupanda juu ndo hilo. Mwanaanga yumo ndani ya kijimuda kile kile, ila chombo chake kinakwenda mbele kwa kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, basi kila akianguka na dunia nayo inapinda chini yake, hafiki. Anaanguka miezi sita mfululizo.

Siku za mwanzo ni kigegezi. Aliyepanda boti ya Pemba kipindi cha upepo anaujua mkondo wa Nungwi, macho yanaona kiti kimetulia, sikio la ndani linasema tunapanda tunashuka, ubongo haujui umwamini nani, na mara mifuko inaanza kugaiwa. Angani ugomvi ni huo huo kwa njia nyengine: ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vimekaa juu ya vinyweleo, na uzito wa vijiwe hivyo ndo unaokwambia chini ni wapi, sasa vikikosa uzito hiyo chini inakuwa haipo tena. Zaidi ya nusu ya wanaanga wanaumwa siku mbili tatu za mwanzo, wakiwemo marubani wa ndege za kivita ambao huku chini hawatapiki kwa lolote. Halafu ubongo unaacha kulisikiliza sikio, unafuata macho, na kigegezi kinaondoka chenyewe. Katika mazoea yote ya angani hili ndo jepesi.

Wakati huo huo damu na maji ya mwili, ambayo huku chini yanavutwa miguuni, kule yanapanda. Uso unavimba, miguu inakuwa myembamba, pua inaziba kama mtu mwenye mafua, na pua ikiziba chakula hakina ladha, ndo mana wanaanga wengi wanataka pilipili kwenye kila kitu, nami nikiwaeleza wanafunzi hapo huwa wanataja achari ya embe kabla sijamaliza sentensi. Mkate haupendwi kule kwa sababu ya chembe zinazoelea zikaingia machoni na kwenye mashine, wanakula tortilla za Kimeksiko ambazo wewe ukiziona utasema ni chapati. Mwili nao ukiona maji yamejaa kifuani na kichwani unahisabu kuwa yamezidi, unayapunguza, na baada ya muda mfupi kiasi cha damu kinakuwa kidogo kuliko alivyoondoka nacho nyumbani. Kwa maisha ya kule kinamtosha kabisa. Taabu itakuja siku ya kurudi.

Sasa mifupa, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo kazi yangu ilipo. Wengi wetu tunauchukulia mfupa kama boriti ya mkoko iliyotiwa darini ikakaa miaka mia bila kubadilika, kumbe mfupa unabomolewa na kujengwa upya kila siku, kuna seli za kubomoa na kuna seli za kujenga, na kinachowapa amri wajenzi ni uzito, kule kukanyaga, kupanda ngazi, kubeba ndoo. Ukiuondoa uzito, wabomoaji wanaendelea na kazi kama kawaida na wajenzi wanapunguza. Mifupa ya nyonga ya mwanaanga asiyejikinga inapungua asilimia 1 mpaka 1.5 kwa mwezi, kiasi ambacho mzee wa huku chini anakipoteza kwa mwaka mzima au zaidi. Na ile kalsiamu inayotoka mfupani inapita kwenye figo, kwa hiyo wanakuwa hatarini kupata mawe ya figo. Misuli ya mgongo na ya shavu la mguu nayo inanyauka, kwani ndo iliyokuwa ikimsimamisha na sasa hakuna kusimama.

Mwili hapo haujaharibika. Unafanya hisabu sahihi: mfupa mzito una gharama ya kuutunza, na mahali pasipokuwa na uzito wa kubeba hauna kazi.

Na hisabu hiyo hiyo naiona wodini. Bibi kateleza chooni kavunjika nyonga, kafanyiwa operesheni imekwenda vizuri, halafu karudi nyumbani watoto na wajukuu kwa mapenzi yao wote wanamwambia lala bibi usijisumbue, chai analetewa kitandani, anaoshwa kitandani, na baada ya miezi miwili nikiitwa namkuta yuko vile vile kama mtu aliyeshuka kutoka angani, akikalishwa kizunguzungu, miguu imekonda, mfupa umelegea. Inaniuma sana kwa sababu hakuna aliyemfanyia ubaya. Hata watafiti wa anga wenyewe wanatumia kitanda: huko Köln, Ujerumani, wanalipa watu wazima wenye afya zao walale siku 60, kichwa kimeinamishwa chini kidogo kwa digrii 6, kula humo kuoga humo, na miili yao inapoteza misuli na mfupa kwa mtindo unaofanana na wa wanaanga. Yaani kitanda ndo anga ya karibu zaidi tuliyonayo. Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani amuulize daktari mapema, mgonjwa wangu aanze kukalishwa lini, asimamishwe lini, na aulize tena akiona hajajibiwa.

Wanaanga wanajikinga kwa mazoezi, kama masaa mawili kila siku, na hayo yamo ndani ya ratiba ya kazi. Vyuma vya kawaida havifai manake kule kilo mia unaisukuma kwa kidole, basi wana mashine yenye mitungi ya hewa iliyonyonywa inayovuta kama vyuma, wanachuchumaa na kunyanyuka nayo. Wana na mashine ya kukimbilia ambayo mtu anafungwa mikanda mabegani na kiunoni imvute chini, bila ya hivyo hatua ya kwanza tu inampeleka darini. Sunita Williams alikimbia marathoni nzima juu ya mashine kama hiyo mwaka 2007. Mazoezi yamesaidia sana lakini hayajamaliza kila kitu.

Turudi kwenye macho. Mwaka 2011 ilitolewa ripoti ya wanaanga 7 waliokaa juu kama miezi sita, na wakakutwa na mabadiliko ya macho, wengine mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, wengine jicho lenyewe kwa nyuma limesawazika, na baadhi yao maandishi ya karibu yakawa yanawasumbua. Siku hizi wanapelekewa miwani ya akiba kabisa. Wataalamu wengi wanaona yanahusiana na yale maji yaliyopanda kichwani, ila namna khasa yanavyofanya hivyo bado wanabishana. Kile kikaratasi cha Glenn kilihitaji miezi, na yeye alikaa masaa.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, na kule Pemba ndo usiseme, ni la sala na saumu. Kituo kinaizunguka dunia kwa dakika kama 90, kwa hiyo jua linachomoza na kuzama mara 16 ndani ya masaa 24. Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda juu ndani ya Ramadhani, baraza la fatwa la nchi yake lilitoa muongozo: sala ni tano kwa masaa 24, nyakati zinafuatwa za pale aliporukia roketi, kibla ni kwa kadiri ya uwezo wake, na saumu anaweza kuilipa akirudi. Sultan AlNeyadi wa Falme za Kiarabu yeye alikaa miezi sita mwaka 2023, Ramadhani na Iddi zote zikamkuta huko, na kabla ya kuondoka alisema yeye ni msafiri, kufunga hakumlazimu. Kwa kazi na kulala wanafuata saa ya Greenwich, nyuma yetu masaa matatu, taa zinabadilishwa rangi kuusaidia mwili ujue usiku na mchana, wanalala ndani ya mifuko iliyofungwa ukutani na lazima feni iwe inapuliza, manake hewa ya kule haipandi wala haishuki yenyewe na ile chafu unayoitoa puani inaweza kukuzunguka usoni.

Upweke nao unazoeleka ila kwa shida. Frank Rubio aliondoka 2022 kwa miezi sita, chombo chake kikavuja maji ya kupozea, akakaa siku 371, na alisema wazi kwamba lau angeambiwa mapema kuwa ni mwaka mzima pengine angekataa kwa ajili ya familia yake. Namuelewa, na mke yeyote wa baharia hapa Unguja atamuelewa. Huko Moscow watu 6 walijifungia siku 520 kati ya 2010 na 2011 kwa kuigiza safari ya sayari ya Mars, na kadiri siku zilivyokwenda wengi wao walizidi kulala na kupunguza kujishughulisha, mmoja mwili wake ukaacha siku ya masaa 24 ukafuata yake ya masaa 25.

Kurudi ndo mtihani. Kabla ya kushuka wanakunywa maji na chumvi kuongeza kile kiasi cha damu kilichopungua, wanavaa nguo za kubana miguu, na bado wengi wakisimama ghafla wanaona giza. Sikio lililopuuzwa miezi sita linaanza kupiga kelele upya, kigegezi kinarudi. Nyayo zimekuwa laini kama za mtoto, sugu zote zimebambuka huko juu, na kokoto ndogo inauma. Mengi ya haya yanakwisha kwa siku au wiki, mfupa hauna haraka hiyo: utafiti uliotoka 2022 uliwafuata wanaanga 17, na baada ya mwaka mzima wa kuwa nyumbani 9 kati yao mfupa wa muundi ulikuwa haujarudi kama ulivyokuwa.

Huku chini wanapokewa na watu, wanabebwa, wanawekwa kwenye viti na daktari yuko pembeni. Mars hakuna wa kumpokea mtu baada ya miezi ya njiani. Valeri Polyakov, Mrusi, naye alikuwa daktari, alikaa kituo cha anga cha Warusi kilichoitwa Mir siku 437 bila kurudi, kuanzia Januari 1994, na hakuna aliyempita kwa safari moja mpaka leo. Hilo la Mars ndo alilokuwa akilifikiria, kwa hiyo aliposhuka Machi 1995 hakukubali kubebwa. Akatoka kwenye chombo, akatembea mwenyewe hatua chache mpaka kwenye kiti, akakaa.