Elimu ya Nyumbani katika Familia ya Kikristo: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Familia ya Waswahili wanaoishi Marekani inapoamua kuwasomesha watoto nyumbani, maswali huja kutoka pande mbili. Ndugu walioko Morogoro au Kisumu hupiga simu kuuliza kama mtoto amefukuzwa shule, na majirani wa hapa huuliza kama wazazi wake wanaogopa dunia. Ninaandika nikiwa mama Mkristo anayesomesha nyumbani katika jimbo la Pennsylvania, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hii ni kusoma vitabu pamoja na watoto, nitakaa zaidi kwenye dhana zinazohusu usomaji. Nyingine nitazipitia kwa ufupi.

Dhana: Nyumba hugeuzwa darasa, na mama hulazimika kujua kila somo

Wengi huwaza ubao, kengele, na mama aliyeshika chaki tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa sababu wamezoea kuona mwalimu akiwa ndiye chemchemi ya maarifa yote. Ukweli ni kwamba familia nyingi za Kikristo zinazosomesha nyumbani hufuata, kwa ukamilifu au kwa kuchanganya na mengine, mawazo ya Charlotte Mason, Mwingereza wa Kanisa la Anglikana aliyeishi kati ya 1842 na 1923. (Naye amezushiwa yake: hudhaniwa kuwa alikuwa mama aliyewalea wanawe kwa njia hiyo, ilhali hakuolewa wala hakupata mtoto, na alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kufungua chuo chake katika mji wa Ambleside mwaka 1892.) Alishikilia kwamba mtoto asianze masomo rasmi kabla ya kutimiza miaka sita, kwamba vipindi vya wadogo visizidi dakika 20, na kwamba kitabu kizuri, kilichoandikwa na mtu anayelijua na kulipenda jambo lake, kiachwe kimfundishe mtoto chenyewe. Mtoto husomewa mara moja tu, kisha husimulia alichosikia kwa maneno yake.

Kusimulia huku ndiko kunakochukua nafasi ya maswali ya mtihani. Mtoto wa miaka saba amesomewa habari za Daudi na Goliathi katika 1 Samweli 17. Mama anaifunga Biblia na kusema, "Haya, nisimulie." Mtoto anaanza na mikate kumi na jibini kumi alizotumwa Daudi kupeleka kambini, anaruka habari za silaha za Sauli, anaonyesha kwa mkono jinsi kombeo linavyozungushwa, kisha anamwangusha Goliathi na kunyamaza. Mama aliyesikiliza vizuri ameshajua kilichoingia na kilichopita: aliyekumbuka jibini alikuwa makini, lakini aliyesahau kwamba Daudi aliyavua mavazi ya mfalme bado hajakifikia kiini cha habari. Mama hamkatizi mtoto wala hamsahihishi katikati. Akimaliza, dada yake mkubwa huongeza kilichoachwa, na mara nyingi wawili hao hubishana mpaka Biblia ifunguliwe tena. Yote hayo hayafiki nusu saa, mama akiwa amempakata mdogo na maharage yakichemka jikoni.

Hisabati ni jambo jingine. Huko hadithi haisaidii, na mama asiyeelewana na hesabu hana budi kununua mtaala wenye maelezo ya hatua kwa hatua au kumtafuta mtu wa kumsaidia. Wanaowaambia wenzao kwamba upendo wa mzazi unatosha kufundisha sehemu na desimali hawawatendei haki.

Dhana: Hakuna anayemuuliza mzazi chochote

Elimu ya nyumbani imekuwa halali katika majimbo yote 50 ya Marekani tangu 1993, lakini masharti yanatofautiana mno. Texas haimdai mzazi mtihani wa serikali wala ripoti ya mwaka. Pennsylvania, kwa sheria ya 1988, inamtaka mzazi anayesomesha awe amemaliza sekondari, apeleke tamko la kiapo kila mwaka, afundishe siku 180 au saa 900 kwa ngazi ya msingi, na awapatie watoto mtihani sanifu, yaani unaotungwa na kusahihishwa kwa kipimo kimoja kwa wote, katika darasa la tatu, la tano na la nane. Mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa humhoji mtoto ana kwa ana na kulikagua jalada lake la kazi. Ndani ya jalada hilo lazima iwepo kumbukumbu inayovitaja vitabu kwa majina yake, ikiandikwa kadiri masomo yanavyoendelea. Mama anayesoma sana na watoto hujaza daftari hilo bila taabu. Anayetegemea karatasi za mazoezi pekee ndiye anayehangaika mwezi wa Juni. Sheria hiyohiyo inadai mafundisho ya mara kwa mara kuhusu hatari za moto na namna ya kuuzuia, sharti ambalo mwenye watoto wanaozunguka jiko hulitimiza kabla ya kifungua kinywa.

Dhana: Wote hufanya hivi kwa ajili ya dini

Katika uchunguzi wa kitaifa wa Marekani wa mwaka 2016, wazazi wanaosomesha nyumbani waliulizwa sababu yao kuu. Asilimia 34 walitaja mazingira ya shule, yaani usalama, dawa za kulevya na msukumo wa rika; asilimia 17 walitaja kutoridhishwa na ufundishaji; na asilimia 16 ndio waliosema mafundisho ya dini. Wala harakati yenyewe haikuanzia makanisani peke yake. John Holt, aliyeanzisha jarida la wazazi hao mwaka 1977, hakuwa na ajenda ya kidini, na katika miaka hiyohiyo mume na mke wa Kiadventista, Raymond na Dorothy Moore, walikuwa wakiandika kwamba watoto huwahishwa mno shuleni. Kwa familia yangu imani ndiyo iliyotangulia, lakini sina sababu ya kuwasemea wengine.

Dhana: Nyumba ya Kikristo husoma Biblia na vitabu vya dini tu

Hii ndiyo dhana inayoniudhi zaidi, kwa sababu inashikwa na watu wa nje na wa ndani pia. Ni kweli kwamba siku huanza na Biblia, zaburi moja na wimbo. Lakini Biblia yenyewe haiwaungi mkono wanaoogopa vitabu vingine. Danieli na wenzake walifundishwa maandiko na lugha ya Wakaldayo, na sura ya kwanza ya kitabu chake inasema Mungu mwenyewe aliwapa maarifa katika elimu hiyo. Kilichokataliwa pale mezani kilikuwa chakula cha mfalme, si kitabu chake. Paulo naye, aliposimama mbele ya Waathene katika Matendo 17, aliwanukuu washairi wao, jambo ambalo asingeliweza kama hakuwahi kuwasoma au kuwasikiliza.

Kwa hiyo watoto wetu husomewa historia, wasifu wa wanasayansi, mashairi, vitabu vya ndege na mimea, na ngano. Ngano za kwetu zina ugumu wake: Sungura hushinda kwa ujanja, na mara nyingi ujanja huo ni uongo mtupu, Abunuwasi humwibia tajiri heshima yake na watoto wanacheka. Wapo wazazi wanaoziweka kando kwa sababu hiyo. Mimi naona ni heri mtoto akutane na mlaghai ndani ya ngano, akiwa amekaa karibu na mama anayeweza kuulizwa, kuliko kukutana naye kwa mara ya kwanza kazini. Swali moja, "Je, Fisi alitendewa haki?", limewahi kutuchukua mlo mzima wa jioni.

Kuna kitu nakiogopa zaidi ya ngano, nacho ni kitabu cha dini kilichoandikwa vibaya, ambacho watoto wote ni wema tangu ukurasa wa kwanza na kila sura inafungwa kwa onyo. Mtoto hujifunza humo kwamba mambo ya Mungu yanachosha. Kuwepo kwa msalaba kwenye jalada hakumpi mwandishi ruhusa ya kuandika ovyo.

Dhana: Mtoto akishajua kusoma, kazi ya kumsomea imekwisha

Kusoma mwenyewe na kusikiliza haviendi kwa mwendo mmoja. Kwa miaka mingi ya shule ya msingi sikio la mtoto huelewa sentensi ndefu na maneno magumu ambayo macho yake hayajayamudu, kwa hiyo akiachwa na vitabu anavyoweza kusoma peke yake hubaki na chakula chepesi wakati akili imeshaota meno. Mtoto wa darasa la tatu ambaye husoma polepole anaweza kufuata kwa msisimko kitabu cha kaka yake wa darasa la saba, mradi asomewe.

Hapo pana dhana nyingine ndogo, inayotoka hasa kwa bibi na babu. Aliyejifunza ba, be, bi, bo, bu na kuanza kusoma gazeti baada ya miezi michache humshangaa mjukuu wa miaka saba anayekwama kwenye maneno mepesi ya Kiingereza, na hukata shauri kwamba elimu ya nyumbani imeshindwa. Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Kiingereza hakiandikwi hivyo. Utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha lugha za Ulaya ulionyesha kwamba watoto wa Kifini, Kigiriki, Kiitaliano na Kihispania walimaliza darasa la kwanza wakisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida, huku watoto waliosoma kwa Kiingereza wakifikia asilimia 34. Hao walikuwa shuleni, wenye walimu wao. Hata hivyo, hoja hii isigeuzwe kichaka cha kujificha: mtoto anayeendelea kuchanganya sauti na herufi licha ya kufundishwa kwa subira apelekwe kupimwa mapema, maana disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kusoma na kutahajia, haiondoki kwa kusubiriwa.

Dhana yetu wenyewe: Watoto wetu hufaulu kuliko wa shule

Wasomeshaji wa nyumbani hupenda kutaja utafiti wa Lawrence Rudner wa mwaka 1998, uliohusisha wanafunzi 20,760 waliopata alama za juu sana. Wachache hutaja kwamba wote walitokana na familia zilizokuwa tayari zinalipia huduma ya mitihani ya chuo kimoja cha Kikristo, na kwamba mtafiti mwenyewe alionya kuwa takwimu hizo hazithibitishi ubora wa nyumba juu ya shule. Utafiti mdogo wa Kanada wa mwaka 2011, wa watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule, una somo zaidi: waliofundishwa nyumbani kwa mpangilio waliwazidi wenzao wa shule, na wale 12 ambao wazazi wao hawakufuata mpangilio wowote walikuwa chini ya makundi yote mawili. Idadi ni ndogo, lakini mwelekeo wake haumshangazi yeyote aliyeona nyumba ambamo "tunasomesha nyumbani" imekuwa jina jingine la kutosomesha.

Dhana: Mtoto atakuwa mpweke

Anaweza kuwa, mzazi asiposhughulika. Pennsylvania tangu 2005 inawaruhusu watoto hawa kujiunga na michezo na vikundi vya shule za umma za wilaya yao, na kuna shule ya Jumapili, kwaya, maktaba na vyama vya familia zinazofundisha pamoja. Hakuna kati ya hayo kinachomfuata mtoto nyumbani. Ni petroli na ratiba.

Dhana: Linalowezekana Marekani linawezekana kokote

Wasomaji wa Afrika Mashariki hunitumia ujumbe wakitaka kuanza mwezi ujao. Ujerumani hairuhusu elimu ya nyumbani, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa malalamiko ya wazazi Wakristo waliotaka kuruhusiwa. Tanzania, kwa Sheria ya Elimu ya 1978, inalazimisha mtoto aandikishwe na kuhudhuria shule ya msingi, na Kenya ina Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayomwajibisha mzazi vilevile. Mama wa Arusha au Nakuru aonane kwanza na afisa elimu wa eneo lake na mwanasheria kabla ya kumtoa mtoto shuleni. Kusomeana kwa sauti na kusimulia, jioni na wakati wa likizo, hakuhitaji kibali cha afisa yeyote.