Nuru ya Julai Mosi: Dhana Potofu kuhusu Wakristo wa Visiwa vya Torres

Kati ya ncha ya kaskazini ya jimbo la Queensland, nchini Australia, na pwani ya Papua Guinea Mpya upo mlangobahari wenye visiwa zaidi ya mia moja, ingawa vinavyokaliwa na watu havifiki 20. Wenyeji wake huiita nchi yao Zenadth Kes. Ramani za kigeni huiita Torres, kwa jina la nahodha aliyepita huko mwaka 1606.

Dhana: Hawa ni Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa bara la Australia, walioishi visiwani.

Sivyo. Australia inatambua mataifa asilia mawili, na watu wa Torres ni taifa la pili, lenye bendera yake tangu 1992, ambayo katikati yake pana nyota na dhari, yaani kilemba cha manyoya ya ndege kinachovaliwa ngomani. Dhana hii, hata hivyo, ina punje ya ukweli: Kala Lagaw Ya, lugha ya visiwa vya magharibi, ina undugu na lugha za bara, ilhali Meriam Mir ya mashariki ni ya ukoo wa lugha za Papua. Majumbani na barabarani wengi huzungumza Yumplatok, krioli (lugha iliyozaliwa na kukutana kwa lugha kadhaa) iliyokua kutokana na mchanganyiko wa watu waliofika kuvua lulu na majongoo bahari, bidhaa ambayo wavuvi wetu wa Unguja na Pemba nao wanajua ilivyopendwa na wanunuzi wa Uchina.

Dhana: Wanaishi kwa samaki na nazi tu, wamejitenga na dunia.

Ni kweli kwamba kasa na nguva wana heshima ya pekee katika sherehe, na kwamba kamba wakubwa wa miamba huwapatia wengi fedha. Lakini bustani za viazi vikuu na ndizi ni za kale vilevile, dukani kuna mchele na unga unaoletwa kwa meli kwa bei ya kukatisha tamaa, na sehemu kubwa ya watu wa Torres leo wanaishi bara, hasa katika miji ya Cairns na Townsville. Saibai, kisiwa cha kaskazini, kipo kilomita chache tu kutoka Papua Guinea Mpya, na mkataba uliotiwa saini mwaka 1978 unawaruhusu wenyeji wa pande zote mbili kuvuka mpaka bila pasipoti kwa ajili ya kuvua, kubadilishana vitu na kutembelea ndugu.

Dhana: Ukristo uliletwa na Wazungu.

Hii ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo inayowakosea haki wengi zaidi. Tarehe 1 Julai 1871, wamisionari wa Shirika la Misheni la London walitia nanga katika kisiwa cha Erub, ambako mzee Dabad aliwapokea. Samuel McFarlane, mmisionari Mzungu, alikuwamo, naam, lakini waliobaki visiwani kufundisha, kulima na kuzika wafu walikuwa walimu weusi kutoka visiwa vya Loyalty katika Pasifiki, pamoja na wake zao. Baadaye wakafuata wengine kutoka Samoa na kwingineko. Baadhi yao waliacha vizazi ambavyo vipo hadi leo. Siku hiyo, iitwayo Kuja kwa Nuru, huadhimishwa kila mwaka kwa ibada, kwa igizo la kushuka mashuani, na kwa kupmauri, chakula kilichofukiwa shimoni juu ya mawe ya moto. Waanglikana walipokabidhiwa misheni hiyo katika muongo wa 1910, haikupita miaka mingi wenyeji wawili, Poey Passi na Joseph Lui, wakapewa daraja la ukasisi, mwaka 1925.

Dhana: Imani mpya ilifuta mila zote.

Tusijidanganye kwamba hapakuwa na hasara. Vitu vitakatifu vilichomwa, ngoma zilipigwa marufuku, na vinyago vya magamba ya kasa vilivyosalimika sasa vingi vinatazamwa katika makumbusho ya Ulaya. Hata hivyo sheria ya Malo, mungu wa jadi, ambayo katika kisiwa cha Mer inamkataza mtu kugusa kisicho chake au kukanyaga shamba la mwenzake, haikufa. Eddie Mabo, mwenyeji wa Mer, na wenzake walipoishtaki serikali ya Queensland kudai ardhi ya mababu, mmoja wa wadai alikuwa David Passi, kasisi wa Kianglikana, ambaye hakuona ugomvi wowote kati ya Malo na Kristo. Tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ya Australia ilikubali kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya bendera ya Uingereza kupandishwa.

Anayetaka kuona mambo haya mawili, mila na imani, yakiishi pamoja na ahudhurie ufunguzi wa jiwe la kaburi, unaofanyika mwaka mmoja au zaidi baada ya mazishi. Jiwe hufunikwa vitambaa na zawadi, ndugu hurudi kutoka bara, kasisi hubariki, kisha karamu na ngoma huendelea usiku kucha, kwa kuwa msiba sasa umekwisha. Ndiyo maana bahari inayopanda inawauma kwa namna ya pekee. Katika malalamiko ambayo Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliyakubali mwaka 2022, wanavisiwa hawakuzungumzia nyumba na bustani tu. Walizungumzia pia makaburi yanayoliwa na mawimbi.