Je, wajua kwa nini akili mnemba huchora nyota kwenye anga la Mwezini?

Iambie programu ya akili mnemba ikuchoree mwanaanga aliyesimama Mwezini. Mara nyingi itakuletea suti nyeupe, vumbi la kijivu na anga jeusi lililotapakaa nyota. Picha yenyewe inapendeza. Tatizo ni zile nyota.

Ilinganishe na picha halisi. Julai 1969, katika safari ya Apollo 11, Neil Armstrong alimpiga mwenzake Buzz Aldrin picha ambayo hadi leo inatundikwa ukutani. Nyuma ya Aldrin anga ni jeusi tii, hakuna hata nyota moja. Wengine wamelifanya hilo kuwa ushahidi kwamba safari yenyewe ilikuwa ya uongo, kumbe ni suala la kamera tu. Pale walipotua ilikuwa mchana. Jua liliwaka juu ya ardhi na juu ya suti nyeupe, kwa hiyo kamera iliruhusu mwanga uingie kwa takriban 1/250 ya sekunde. Kwa suti muda huo unatosha kabisa, lakini nyota ni hafifu mno kuacha alama kwenye filamu. Yeyote aliyewahi kumpiga mtu picha usiku chini ya taa kali ameliona hilo.

Sasa mashine inakosea wapi? Programu nyingi za kuchora hufundishwa kwa picha nyingi mno zenye maelezo yake. Kila picha huvurugwa kidogo kidogo mpaka zibaki chenga tupu, kama za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha programu hujifunza kurudi nyuma kutoka kwenye chenga hadi kwenye picha. Ukiiagiza mwanaanga, inaanza na chenga na kuzisafisha kuelekea kile ambacho maneno yako yamezoea kuandamana nacho. Na mwanaanga huandamana na nyota kwenye mabango, katuni na michezo ya kompyuta. Hakuna mahali inapojiuliza jua liko upande gani. Tusiicheke sana, maana na sisi tukipewa kalamu tunachora nyota zilezile.

Vilima vya mbali navyo huiumbua. Duniani hewa hufanya mlima wa mbali ufifie na kuwa na rangi ya ukungu, nasi hutumia ukungu huo kukisia umbali. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo kilima kilicho kilomita kadhaa huonekana wazi kama jiwe lililo miguuni pako. Picha za kutengenezwa mara nyingi hurudisha ule ukungu wa nyumbani.

Kuisoma picha ni habari nyingine. Ukiionyesha ile ya Aldrin, huenda ikakutajia jina lake, safari na mwaka bila kusita. Mimi hilo halinishangazi: picha hiyo imeandikiwa maelezo mara nyingi mno, kwa hiyo hapo inakumbuka zaidi kuliko inavyotazama. Iulize vitu vidogo uone. Vile vijisalaba vilivyosambaa kwenye picha ni nini? (Vilichongwa kwenye kioo ndani ya kamera ili visaidie kupima.) Mbona amekunja mkono wa kushoto? (Kwenye glavu palishonwa orodha ya kazi.)

Inapong'ara kweli ni pale inapopewa swali moja jembamba. Kuna kamera inayoizunguka sayari ya Mirihi ikipiga picha za maeneo makubwa, na mtaalamu huhitaji kama dakika 40 kuipekua moja vizuri akitafuta mashimo mapya yaliyochimbwa na vimondo. Mwaka 2020 wanasayansi wa NASA walitangaza kuwa programu waliyoifundisha kwa picha 6,830 huifanya kazi hiyo kwa wastani wa sekunde 5, na kwamba ilikuwa imegundua kundi la mashimo madogo, kubwa lao likiwa na upana wa mita 4 hivi. Hata hivyo hawakuliamini neno lake hivihivi. Walielekeza kamera kali zaidi pale pale, watu wakaangalia kwa macho yao, ndipo wakakubali.

Turudi kwa Aldrin. Tazama kioo cha kofia yake. Ndani yake kuna kivuli chake kirefu, bendera, na mguu wa chombo walichoshukia. Ukiiomba programu ikutengenezee upya picha hiyo, kioo hicho mara nyingi hurudi na mng'ao wa dhahabu na maumbo yasiyoeleweka, kwa sababu programu imejifunza kwamba kioo hung'aa, haikujifunza kwamba kioo hiki kinatazama upande ule aliposimama mpiga picha. Katika picha halisi, katikati ya kioo hicho kuna kijitu cheupe, kidogo kama punje. Huyo ndiye Armstrong, kamera ikiwa kifuani.