Breka haikulindi wewe

Mwezi uliopita niliitwa Mbagala kutazama friji. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, na kabla sijafika jikoni akaniambia, "Mwanangu, usivue ndala. Friji yetu ina shoti." Mbele ya mlango wa friji palikuwa na kipande cha mkeka, na wajukuu walishafundishwa kwamba hakuna kuigusa ukiwa pekupeku. Wameishi hivyo zaidi ya mwaka. Nilipima kati ya bodi la friji na sakafu, mita ikasoma volti 90 na ushee.

Baba wa nyumba akaniuliza, "Lakini fundi, breka si ipo? Tena mpya. Kama ni hatari, mbona haikati?"

Swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na ndilo lililonikalisha kuandika leo. Nataka ulielewe vizuri, kwa sababu nyumba nyingi ninazoingia zinaitegemea breka, ile swichi ya kwenye boksi inayokata umeme yenyewe, kwa kazi ambayo haikutengenezewa.

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Volti ni ule msukumo, ampia ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya, na ukizidisha moja kwa nyingine unapata wati. Pasi ya wati 1,000 inavuta ampia 4.3. Breka ya soketi mara nyingi ni ya ampia 20 au 32, nayo inaangalia kitu kimoja tu: je, umeme unaopita umezidi kile ambacho waya unaweza kubeba bila kuchemka? Ukizidi, inakata. Breka ni mlinzi wa waya.

Sasa mweke binadamu hapo. Mtu aliyelowa, pekupeku, mwili wake unazuia umeme kwa kiasi cha omu 1,000 hivi. Gawanya 230 kwa 1,000, unapata ampia 0.23. Hizo ni wati 53. Kwa breka, mtu anayekufa kwa umeme ni mzigo mdogo kuliko ile taa ya zamani ya wati 60. Haina sababu yoyote ya kukata. Itaendelea kumpelekea umeme. Na mwili hauhitaji hata hiyo 0.23. Kwenye ampia 0.01 hivi misuli ya mkono inakaza na mtu hawezi kuachia alichoshika, ikifika 0.03 na kuendelea, pumzi na moyo viko hatarini.

Ndiyo maana kuna waya wa tatu, ule wa kijani wenye mstari wa njano, waya wa ethi. Unatoka kwenye bodi la chuma la friji, unapita kwenye ile pini ndefu ya plagi, unakwenda mpaka nje kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Umeme wa waya wa moto, ule unaoleta umeme, ukivuja na kufika kwenye bodi, upite huko badala ya kupita kwako. Pale Mbagala fimbo ilikuwepo, ila kibanio kinachoshika waya kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka waya umeachia kabisa. Hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na vibanio vya bei rahisi. Nyumba nzima haikuwa na ethi na hakuna aliyejua, maana ethi ikikatika taa zinawaka, feni inazunguka, kila kitu kiko sawa.

Nikabadilisha kibanio. Hapo mafundi wengi wanakusanya vifaa na kuondoka, na hapo ndipo nawaomba mnisikilize zaidi. Nilipima mchanga ule wa kiangazi unazuia umeme wa fimbo kiasi gani, nikapata omu 40. Fanya hesabu: hata waya wa moto ukigusa bodi moja kwa moja, 230 kugawanya kwa 40 ni ampia 5.75. Breka yao ni ya 20. Haikati! Bodi linabaki na umeme, na uniti zinamwagika ardhini mchana na usiku. Kumwaga maji, mkaa na chumvi kwenye shimo la fimbo kunapunguza omu kwa muda, lakini kiangazi kingine kinarudisha yaleyale.

Kinachomaliza tatizo ni kifaa ambacho mafundi tunakiita kwa herufi zake, RCCB. Kinafungwa kwenye boksi la breka. Chenyewe kinalinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye waya wa nyutro. Vinapaswa kuwa sawa sawa. Ikikosekana ampia 0.03, maana yake kuna umeme umepita njia nyingine, pengine kwenye mwili wa mtoto, na kinakata kabla ya sekunde kufika theluthi. Kwa fimbo ile ile ya omu 40, kifaa hiki kinatosheka kabisa.

Kina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Umeme wa nyumba ukikatika, kipo hai. Usipokatika, kibadilishwe. Kama kwenye boksi lako hakuna kitufe cha T, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akifunge. Usimwite kishoka, hata kama ni jirani na anakuchaji nusu bei.

Kuna mambo mawili yanayovunja ulinzi huu ambayo nayaona kila mahali. La kwanza ni kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi. Pini ya ethi imefanywa ndefu makusudi ili iingie kwanza na kufungua vifuniko vya matundu ya moto na nyutro. Ukifungua kwa kalamu ili uchomeke chaja ya pini mbili, umeacha mlango wazi kwa kidole cha mtoto. Nunua adapta. La pili ni breka "inayosumbua". Inakata kila mara, fundi anakuja anatoa ya 20 anaweka ya 40, na kila mtu anafurahi. Waya ukutani ni ule ule wa milimita za mraba 2.5. Joto la waya halipandi sawasawa na umeme: umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Plastiki inalainika ndani ya ukuta, na moto unaanzia mahali usipopaona. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24. Inataka waya wake peke yake, wa milimita za mraba 6, kutoka kwenye boksi. Na ekstensheni ya ampia 13 mwisho wake ni wati 2,990, basi birika la 2,000 na pasi ya 1,200 tayari vimezidi.

Wati hizo hizo ndizo zinazokula LUKU. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima. Kwa bei ninayonunulia mimi, elfu kumi inaleta uniti 28 hivi, kama kodi ya jengo ya mwezi huo ilishakatwa kwenye manunuzi ya nyuma. Hita ile kwa dakika kumi inakula uniti 0.9. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai ni kama uniti 0.13. Uniti zikiisha haraka na hujaongeza kifaa, zima kila kitu na utazame taa ya mita. Ikiendelea kuwaka na kuzima, umeme unavuja mahali.

Nisiache hili: RCCB haimwoni mtu aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa sababu umeme wote unarudi na hesabu inatimia. Kwa hiyo ukimkuta mtu amenaswa, usimguse. Kimbilia swichi kuu uzime. Kama iko mbali, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, anza kumkandamiza kifua papo hapo, katikati, kwa nguvu na kwa haraka, huku mwingine akitafuta gari.