Maji yanayonuka yai viza

Mzee mmoja wa Kibirizi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, mvuvi wa dagaa tangu enzi za karabai, aliniona nateremsha kamba ndefu majini akacheka. "Mwanangu, huko hata migebuka hawafiki. Maji yamekufa." Nilipopandisha chupa nikamnusisha. Yai viza! Akageuza uso.

Harufu ile ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, na ndiyo ushahidi kwamba maji yale hayajafa. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini huku kaskazini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi. Maji ya juu yana joto, ni mepesi. Ya chini yamepoa kidogo, ni mazito. Tofauti ni nyuzi chache tu, ila zinatosha kuushinda upepo usiyakoroge mpaka chini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa letu ni makazi ya vijiumbe visivyoitaka oksijeni kabisa. Kuna bakteria wanaotumia salfeti, chumvi yenye salfa iliyoyeyuka majini, pale sisi tunapotumia oksijeni, na hao ndio wenye ile harufu. Kuna arkea, vijiumbe wanaofanana na bakteria ila ni ukoo mwingine, wanaotengeneza gesi ya methani kwenye tope. Wote wanategemea makombo ya juu: mwani na dagaa waliokufa, vinavyozama taratibu.

Kwa nini hewa iwaue? Oksijeni ikiingia kwenye seli huzaa sumu, mojawapo haidrojeni peroksidi. Wewe unacho kimeng'enya cha kuivunja, katalesi. Ukimwagia kidonda dawa ya peroksidi likatoka povu, hiyo ndiyo kazi yake. Vijiumbe hivi vingi havina kinga hiyo, au vinayo haba. Tena vimeng'enya vyao vyenye chuma na salfa huharibika vikiguswa na oksijeni, kazi zote za seli zikasimama. (Binamu yao wa pepopunda ni mjanja zaidi: hujifungia kwenye mbegu ngumu, akangoja udongoni hadi apate kidonda chembamba cha msumari.)

Ndiyo maana maabara nawalisha ndani ya chupa zilizopulizwa naitrojeni na kuzibwa kwa mpira. Humo natia rangi iitwayo rezazurini: bila oksijeni haionekani, oksijeni ikipenya inakuwa ya waridi. Mara ya kwanza nilizibana vizibo kwa haraka, njaa ilikuwa inaniuma na ugali wa muhogo ulikuwa mezani. Asubuhi nikakuta chupa kumi na mbili, zote zina rangi nzuri ya waridi.

Nikachukua kamba, nikarudi Kibirizi.